Maji Aliyowekewa Mgeni

Mpango wa miaka ishirini wa kituo chetu niliuchapa mimi, mara mbili, kwa vidole hivi, na mara ya pili, kabla sijafika ukurasa wa mwisho, nilishajua kwamba kituo chenyewe hakitamaliza mwaka. Sijui kama kuna kazi ya kuudhi kuliko hiyo. Unaandika kwamba ifikapo mwaka wa kumi maabara itakuwa na wanafunzi wa kutosha, huku unasikia mchwa wakitafuna dari juu ya kichwa chako.

Kilikuwa kituo cha utafiti wa maji cha chuo kikuu, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba iliyolibeba. Nyumba ilikuwa ya bati, vyumba vinne, pembeni mwa mji wa Handeni, na aliyeijenga alikuwa mzungu mmoja wa serikali ya kikoloni aliyepanda mikaratusi mbele ya baraza kisha akaenda zake uhuru ulipokuja. Chumba kimoja kilikuwa cha ofisi, kingine cha chupa na mizani, kingine cha ramani, na cha nne alilala mkuu wa kituo. Nje kulikuwa na kipimo cha mvua kilichozungushiwa waya ili mbuzi wasije wakanywa. Mwaka ule mbuzi walikikaribia kipimo kile mara nyingi kuliko mvua.

Mkuu wa kituo alikuwa mhadhiri kijana, mrefu, aliyesoma Ulaya na kurudi na moto. Akifurahi alisahau kula, akiudhika alisahau kula, kwa hiyo alikuwa mwembamba wakati wote. Nilimheshimu na alinichosha. Alikuwa na imani kwamba nchi hii itaokolewa na watu wanaopima vitu kwa uangalifu, na aliniambia hivyo karibu kila asubuhi kabla sijaondoa vumbi kwenye mashine ya kuchapa.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, Korogwe. Baba alikuja na manamba kutoka kusini, mama alikuja na watu wake kutoka pengine, wakakutana kwenye foleni ya posho, na mimi ndiye niliyetokana na foleni hiyo. Baba alipochoka na mkonge wakahamia Mashewa kulima. Niliajiriwa kituoni kama karani wa kuchapa. Baadaye mpimaji wa visima alipokwenda masomoni, mkuu akanikabidhi na futikamba yake, maana Handeni ya miaka ile ukijua kuchapa na ukajua desimali, ulipewa kazi za watu wawili.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unapaka chaki kwenye kipande cha mwisho cha futikamba ya chuma, unaiteremsha kisimani mpaka iguse maji, unaipandisha, unasoma chaki ilipolowana. Hapo unajua maji yako umbali gani kutoka juu. Unaandika kwenye daftari, unashukuru, unaondoka. Nilikuwa na visima vitano, vyote vya kuchimbwa kwa mkono, katika vijiji vya bonde moja upande wa Mto Msangazi, na nilivizungukia Jumanne moja, nikaruka moja, miaka miwili mfululizo.

Nilikuwa na jambo langu moja ambalo mpimaji wa kwanza hakuwa nalo. Kila nilipotaka kwenda, nilituma habari kwanza kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwa mtu yeyote aliyekuwa anakwenda upande ule. Mtoto wa kambini hukua na hofu moja, kwamba wenyeji wataona hana adabu. Huwezi kuzuka tu kwenye kisima cha watu na kutumbukiza chuma ndani yake. Yule mwenzangu, nilivyosikia, alikuwa akiibuka kama mtoza kodi, wanawake wakakimbia na ndoo zao. Mimi nilipokelewa. Kwenye kisima kikubwa kuliko vyote, mke wa balozi, bibi mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa akiningoja ameshika kata ya maji, na baada ya kupima nilikaribishwa bada, ugali wa muhogo, na mlenda barazani kwake. Mkuu aliposikia hivyo alinisifu mbele ya wageni. Alisema mimi ndiye niliyeleta utaratibu.

Na utaratibu ukaleta matokeo. Visima vya mahali pengine vilishuka kiangazi kilipoanza, kama kila mtu anavyojua visima vya Handeni. Visima vyangu vilikaa palepale. Mwezi baada ya mwezi chaki ililowana karibu mahali pamoja. Mkuu alichora kwenye karatasi ya miraba mistari mitano iliyolala kama mikeka, akaitazama siku nzima. Akasema chini ya bonde lile lazima kuna mwamba uliozuia maji, ziwa zima limelala chini ya miguu ya watu wanaokufa na kiu. Alisema neno "ziwa" taratibu, na mimi, Mungu anisamehe, nilisisimka.

Barua ya chuo ilikuja wakati huo. Nchi ilikuwa inajitegemea, na kila kituo kilitakiwa kuandika mpango wake wa baadaye na kuonyesha kimewagundulia nini wananchi. Kisichokuwa na cha kuonyesha kingefungwa na vifaa vyake kurudishwa chuoni. Kamati ingekuja kuusikiliza mpango na kujionea. Mkuu hakuogopa hata kidogo. Alikuwa na ziwa. Tuliandika mpango wa kurasa arobaini, wenye maabara, bweni la wanafunzi, visima virefu vya mashine, na mwishoni ramani ya bonde lile iliyopakwa buluu. Niliuchapa kwenye stensili, karatasi za nta za kutolea nakala, nikiimba.

Nakala moja ilipelekwa kwa wakubwa wa wilaya kabla ya wakati wake. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuanzishia kijiji kikubwa, maana ilikuwa miaka ya watu kuhamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja, wapate shule na zahanati. Walipoona buluu ile wakatia kidole. Familia nyingi zingeletwa kwenye kijiji cha yule bibi, kuzunguka kisima chake. Mkuu alirudi kutoka kwenye kikao hicho akitembea haraka. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza hapa nchini watu watapangwa kufuata maji badala ya maji kuwafuata watu, na kwamba tarakimu ni zangu. Nilimwandikia mama Mashewa barua ya majivuno.

Sasa niseme lililotokea. Nilitumwa Korogwe kuchukua karatasi na wino uliokuja kwa treni. Wakati wa kurudi Landrova yetu ikatufia Segera, penye njia panda, na dereva akaniambia niketi ningoje fundi. Niliketi, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikaketi tena. Wauza machungwa walishaanza kuniita karani. Siku ya pili nikaona lori la mahindi ya msaada linalokwenda upande wetu, dereva wake nikawa namjua, nikapanda na karatasi zangu nikamwacha dereva wetu na gari lake. Lori lile lilikuwa linapitia kijiji cha bibi. Ilikuwa Ijumaa. Sikuwa nimetuma habari kwa mtu, na mawazo yangu yalikuwa kwenye kuoga tu. Lakini begi la kazi nilikuwa nalo, na wakati magunia yanashushwa nikasema ngoja nikapime, namba moja ya ziada haidhuru.

Wanawake wasiopungua ishirini walikuwa wamekaa chini kuzunguka kisima, ndoo zimepangwa mstari. Hakuna aliyekuwa anateka. Mmoja alikuwa ameteremshwa ndani kwa kamba na nilisikia sauti ya kibuyu kikikwangua. Baada ya muda ndoo ikapanda. Ilikuwa na tope la rangi ya chai ya maziwa, nusu ndoo, akapewa aliyekuwa mbele, na wote wakasogea hatua moja. Waliponiona wakanyamaza. Wengine waligeuza nyuso, na msichana mmoja akasimama mbele ya ndoo yake aizibe nisiione.

Nilimwamkia yule bibi shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tujuane.

"Mbona hukuleta habari?" akasema.

Nikamwambia nimepita tu, kwa lori. Nikauliza maji yamekwenda wapi, maana wiki iliyopita yalikuwa juu. Hapo ndipo akaniangalia, na nikaona kwamba amekasirika na pia kwamba ananionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitisha.

"Wewe ni mgeni wetu," akasema. "Unakuja kutazama maji, tukuonyeshe tope? Ukileta habari tunakiacha kisima. Siku mbili, siku tatu, hakuna anayeteka, kinajaa. Unapima, unafurahi, tunakuona unavyofurahi. Leo umekuja kutuchungulia. Umetuaibisha."

Niliuliza siku hizo wanakunywa nini. Akasema wanakwenda Msangazi kuchimba mchangani, mbali, wanaondoka kabla jua halijachomoza. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi anavyofagia uwanja wake mgeni akija. Nikakumbuka kata ya maji aliyonipa kila Jumanne kwa miaka miwili, na jinsi nilivyokuwa nikiyanywa kidogo kisha namwaga yaliyobaki chini, kwa sababu tulifundishwa shuleni kwamba masalia ya mdomoni si safi.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikakasirika, na kwanza niliwakasirikia wao. Nilitaka kupiga kelele kwamba nani aliwaomba adabu hiyo. Nilipanda lori bila kuaga vizuri. Tulipokuwa tunakaribia Handeni hasira yote ilikuwa imenirudia mwenyewe, maana wao walikuwa wamejibu tu heshima niliyoianzisha mimi, na watu walikuwa njiani kuletwa pale kunywa desimali zangu.

Mkuu nilimkuta mezani akichora madirisha ya maabara. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Kwanza alicheka. Kisha akaomba madaftari, akayapanga yote mezani, akaanza kutafuta tarehe ambayo si Jumanne. Alifunua kurasa zote za miaka miwili kwa kidole kimoja. Nilisimama pale nikimtazama akitafuta, na nilijua hataipata. Siku chache za kwanza, za mpimaji wa zamani, zilikuwa na maji ya chini sana, na mkuu mwenyewe alikuwa amezifuta kwa penseli nyekundu na kuandika pembeni kwamba mpimaji hakuwa makini.

"Nilikusifu," akasema, "kwa kupiga hodi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa akishika ile penseli nyekundu, na baadaye akaniuliza, kwa upole kabisa, kama chai ipo.

Kesho yake na siku zilizofuata tulikwenda wenyewe, bila kutuma habari, kwenye visima vyote vitano. Tulijiona kama watu wanaofungua mlango wa bafu la watu. Kila mahali tulikuta foleni ya ndoo, kila mahali wanawake walituangalia kwa macho yaleyale, na wanaume walitutolea udhuru kana kwamba wao ndio wamekosa. Visima vitatu havikuwa na maji ya kulowanisha chaki. Hakukuwa na ziwa chini ya bonde lile. Kulikuwa na watu waliokwenda mtoni kabla ya jua ili sisi tupate mstari ulionyooka.

Ndipo tukauandika upya mpango. Huu ulikuwa na kurasa tisa. Ulisema kwamba kituo kilikosea, kwamba visima vya bonde haviwatoshi hata waliopo, kwamba familia zisiletwe, na kwamba kituo kiachwe hapahapa Handeni kwa sababu hakuna anayejua maji ya Handeni yako wapi, sisi tukiwa wa kwanza kutojua. Nilipofika katikati niliinuka mashineni. Nilimwambia, "Ndugu Mkuu, hakuna kamati itakayokipa uhai kituo kinachosema hakijui kupima kisima."

"Najua," akasema. "Lakini ule wa kwanza unaleta watu pale. Chapa."

Nikachapa. Nilikuwa nimenuna kiasi kwamba kila herufi ya o iliitoboa stensili, na nakala zote zikatoka na vidoti vyeusi. Aliwapelekea wakubwa nakala. Walimjibu kwamba mpango wa kwanza umeshapitishwa, malori yameshaombwa, na kamati ya chuo itakapokuja itaamua yenyewe kwa kuangalia kisima. Tulishika tumaini hilo kwa mikono miwili. Kisima si kingejieleza chenyewe? Kamati ikifika na kukuta tope, tungekuwa na hoja.

Nilikwenda kwa bibi. Nilipiga magoti barazani kwake, mimi ambaye magoti yangu si mepesi. Nilimwomba wasikiache kisima. Nilimwambia wageni wanaokuja wanatakiwa waone hali kama ilivyo, wateke kama siku zote, wateke zaidi ikiwezekana. Nilimwambia kuna watu wengi wataletwa hapa, na maji hayatatosha mtu yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega.

"Haya, mwanangu. Nimesikia," akasema.

Miaka miwili nilikuwa nimekula kwenye baraza ile. Nilipaswa kujua kwamba mtu wa pale hamkatalii mgeni usoni.

Kamati ilikuja kwa magari mawili, watu watano wenye suti za mikono mifupi na mafaili, na wakubwa wawili wa pale wakiongoza. Tulitembea kutoka barabarani kwa miguu. Kabla hatujafika nikasikia ngoma. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Hapakuwa na ndoo hata moja. Mwenyekiti wa kijiji alituongoza mpaka ukingoni, na nikainama pamoja na wenzangu nikaona nyuso zetu ndani ya maji. Yalikuwa juu kuliko nilivyowahi kuyapima. Baadaye niliambiwa walikiacha siku nne.

Mwenyekiti wa kamati alipewa kata, akanywa, akasema ni matamu. Mkuu akajaribu kueleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kwamba maji haya yamewekwa kwa ajili yao, na kila alivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi maneno yale yanavyochekesha ukiwa umesimama mbele ya kisima kilichojaa. Mwenyekiti wa kamati akawageukia wanakijiji, akawauliza kama maji yanawatosha. Balozi akajibu kwamba yapo, yapo tele, wanamshukuru Mungu. Bibi alikuwa nyuma yake akitazama miguu yake mwenyewe.

Mkuu akasema wakae mpaka jioni. Watu wateke kama kawaida, na kabla ya alasiri kisima kitakuwa tope. Mwenyekiti wa kamati akatazama saa, akasema wanatakiwa Korogwe kuwahi treni. Hapo mkuu akavua viatu. Mpaka leo sijui kwa nini alivua viatu. Akaenda kwenye nyumba ya karibu, akatoka na ndoo yenye kamba, akaitumbukiza kisimani, akaipandisha imejaa, na akaimwaga chini.

Akaitumbukiza tena. Akamwaga. Ngoma ikakoma. Alikuwa anateka haraka, mikono mirefu inakwenda, suruali imelowa mpaka magotini, na maji yale yalikuwa yanakimbia kwenye uwanja uliofagiwa na kunywewa na ardhi. Alikuwa sawa. Nilijua yuko sawa. Ndoo hamsini, sitini, na kila mtu pale angeona mwisho wa kisima. Wanawake walikuwa wameweka mikono midomoni. Mama mmoja aliyembeba mtoto alijisogeza mbele, akachuchumaa, akaanza kuyakinga kwa viganja yale yaliyokuwa yanatiririka. Midomo ya yule mtoto ilikuwa imepasuka. Siku ngapi, nikajiuliza, wamekunywa ya mchangani.

Sikuweza. Nilikwenda nikamnyang'anya ndoo. Alinivuta kidogo, nikamvuta mimi, mbele ya wote, kisha akaiachia. Alinitazama kwa mshangao tu, kama mtu aliyeamshwa. Nikamimina yaliyobaki kwenye chungu alicholetewa yule mama.

Kamati iliondoka mapema. Mwenyekiti wao aliniambia, kwa wema, kwamba nilifanya jambo la busara na kwamba kijana yule anahitaji kupumzika.

Bibi alinifuata nikiwa napanda Landrova. Alisema walikubaliana wote, wanaume kwa wanawake. Kijiji cha upande wa pili kilionekana kikavu, watu wake wakapakiwa na kupelekwa mahali wasipopajua. "Wakikuta pakavu watatuondoa," akasema. "Wazee wetu wamezikwa hapa." Mimi nilikuja pale nikidhani wao ndio hawaelewi kilicho hatarini.

Barua ilikuja baada ya wiki chache. Kwa kuwa suala la maji katika bonde lile lilikuwa limeshapatiwa ufumbuzi, kituo hakikuwa na sababu ya kuendelea. Mpango wa kurasa arobaini ulisifiwa kwa matumizi yake mazuri. Ule wa kurasa tisa haukutajwa. Mkuu aliitwa chuoni. Siku aliyoondoka alinipa mkono, akanishukuru kwa kazi, na nilipoanza kusema habari ya ndoo akasema niliona sawasawa, hata yeye alikuwa amemwona yule mtoto. Alisema hivyo bila uchungu, na ni miaka mingi sasa lakini bado ningependa kumkamata shati nimlazimishe anitukane.

Lori la chuo lilikuja kuchukua mizani na chupa. Futikamba sikuitoa. Jumanne iliyofuata niliichukua nikapanda lori la watu, nikaenda bondeni bila kutuma habari.

Familia zilikuwa zinashushwa. Watu walikuja na milango ya nyumba zao, na vinu, na kuku waliofungwa miguu, na wazee waliobebwa migongoni. Wenyeji walikuwa wamekiacha kisima tena tangu walipopata habari, ili wanaokuja wapate maji ya kwanza. Waliwakaribisha vizuri kweli. Wanawake wa pale walisimama pembeni wakaacha wageni wateke, wakawaonyesha namna ya kuteremsha ndoo ili kamba isikwame kwenye jiwe. Saa saba foleni ilikuwa imezunguka nyumba ya balozi. Alasiri ndoo ya kwanza ya tope ilipanda, na bado kulikuwa na malori mawili barabarani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Tulikaa tukiwatazama watu wakiangalia ndani ya kisima na kuulizana. Kisha akaona begi langu.

"Umekuja na kamba yako," akasema. "Basi nenda kapime. Leo ndiyo siku. Pima, uandike, uwapelekee wale wa chuo waone."

Nilikwenda. Watu walinipisha. Nilipaka chaki, nikateremsha, nikapandisha, na ilirudi nyeupe yote kama ilivyoingia. Niliandika daftarini tarehe na neno "kavu." Niliporudi barazani aliniuliza ninaipeleka lini. Nikamwambia kituo kimefungwa, hakuna wa kupelekewa.

Akauliza ni nani aliyekifunga.

Nilisema wakubwa. Akatikisa kichwa, akawalaani kwa Kizigua, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha awalaani.